Dar mpaka Marangu na gari ya umeme, mama mkwe yuko siti ya nyuma

Swali: "Habari fundi. Nina BYD Yuan Plus niliagiza China, mwaka sasa unaisha. Mjini haijawahi kunisumbua, nachaji nyumbani Tabata usiku, asubuhi nipo kazini. Krismasi hii nataka niende nayo kwetu Marangu, mimi, mke wangu, watoto wawili na mama mkwe. Gari imeandikwa kilomita 510 na safari ni kama 550, kwahiyo nimepanga nichaji kidogo Same halafu nimalizie, siku moja hiyohiyo. Mke wangu hataki kusikia, anasema tupande basi. Nani yuko sahihi?"

Ndugu yangu, shemeji yuko karibu na ukweli kuliko wewe ila basi sio lazima. Gari inafika, tena inafika vizuri tu, mimi njia hiyo nimeshaipita na gari ya umeme zaidi ya mara moja, lakini haifiki kwa mpango huo ulioandika hapo juu. Kwa mpango huo betri inakuishia maeneo ya Mombo, Same utaisikia kwa wenye mabasi.

Tuanze na hiyo 510 maana ndio inayowaponza wengi. Hiyo namba imepimwa kwa majaribio ya Kichina, mwendo wa kistaarabu, simama nenda simama nenda, na gari ya umeme ndio inapenda hivyo, tofauti kabisa na ya petroli. Gari hiyohiyo yenye betri ileile ya uniti 60.48 wakiiuza Ulaya kwa jina la Atto 3 wanaandika 420, na wala hawajaongopa wao wala wale, vipimo tu tofauti. (Nasema uniti kwasababu kilowati-saa ya kwenye betri na uniti ya LUKU ni kitu kimoja, ukilijua hilo hesabu zote zinakuwa za jikoni.) Sasa hali halisi yetu, watu watano ndani, mabegi, AC inapuliza, unatembea 80 mpaka 90, weka uniti 17 kwa kila kilomita 100. 60 gawanya kwa 17 unapata kilomita 355 hivi mpaka betri iwe sifuri kabisa, na sifuri hatufiki, tumekubaliana.

Kwahiyo sahau ile namba ya kilomita kwenye dashibodi, geuza macho yako yaangalie asilimia. Asilimia moja ya betri yako ni uniti 0.6, na uniti 0.6 ni kilomita tatu na nusu. Hiyo ndio sarafu yako ya safari nzima. Ukikanyaga mpaka 120 haibaki tatu na nusu, upepo unaosukumana na gari unakuwa karibu mara mbili ya ule wa kwenye 90 na unashuka mpaka kilomita mbili na nusu na kitu kwa asilimia, yaani unachoma safari. Kwa bahati nzuri barabara yetu ina vile vibao vya 50 kila kijiji na trafiki wamekaa chini ya mwembe na tochi, wenye petroli wanawalaani, wewe wanakuongezea kilomita bure.

Ramani ya safari kwa asilimia iko hivi. Dar mpaka Korogwe kama kilomita 300, Korogwe mpaka Same kama 155, Same mpaka Himo karibu 80 halafu unakunja kupanda Marangu, kama 12 hivi. Unaondoka Tabata na 100 (betri yako ni ile ya LFP, yaani ya chuma na fosfeti, kuijaza 100 haina madhara, tena inapenda ijazwe mara mojamoja ili ijue mwisho wake uko wapi). Chalinze uwe na 68 au 69. Korogwe unaingia na 15 hivi. Ukifika Chalinze ukaona 64, hakuna haja ya kushtuka wala kumwambia mtu, shusha mwendo uwe 75 mpaka 80 mpaka Msata uangalie tena. Ukipita njia ya Bagamoyo badala ya Kibaha unatokea hapohapo Msata na unakwepa foleni ya Mlandizi, kilomita sio nyingi tofauti, ila hesabu ya Chalinze haitakuhusu, weka 62 kwa Msata. Mbele yake lile daraja jipya la Wami, lililofunguliwa 2022, limetuondolea ule mteremko na kona ya roho mkononi, siku hizi unapita kama unaenda sokoni.

Korogwe ndio unalala. Najua hukutaka kulala. Lakini sikiliza.

Chaja za haraka, zile za kujaza nusu saa, usipange safari hii kwa kuzitegemea. Na hata ukisikia mtu anasema ipo mahali fulani piga simu kwanza uulize mdomo wake ni wa aina gani, maana gari yako ni ya soko la China, tundu lake ni GB/T, la kiwango cha Kichina, na chaja nyingi zinazoletwa huku ni za mdomo wa Ulaya, CCS2, haziingii hata ukimwaga maji ya baraka. Kwahiyo umeme wako ni wa ukutani, na umeme wa ukutani ni wa subira. Ile chaja iliyokuja na gari inavuta ampea 10, ambayo ni uniti 2.2 kwa saa, toa zinazopotelea kama joto unabaki na 2. Yaani "nichaji kidogo Same" ya kwako, mkae mle chipsi kuku, watoto wacheze, mama mkwe asali, saa zima limeisha, umepata kilomita 12. Kumi na mbili! Hata Mwanga hufiki.

Ndio maana nasema safari ya gari ya umeme kwetu huku haipangwi kwa ramani, inapangwa kwa soketi. Swali la kwanza sio gari inatembea kilomita ngapi, ni utalala wapi na ukuta wa pale unatoa ampea ngapi. Ukiondoka Dar saa 11 alfajiri unafika Korogwe kwenye saa 5 au saa 6 mchana. Ukichomeka hapo mpaka kesho yake saa 12 asubuhi una masaa 18. Kwa ampea 10 hayo masaa 18 yanakupa uniti 35, unaamka na asilimia 74 hivi, na Marangu inataka zaidi ya 80, kwahiyo umekwama tena, safari hii na wakwe. Kwa ampea 16 unapata uniti 56, imejaa, na imejaa kabla ya alfajiri. Tofauti ya ampea 6 tu ndio tofauti ya kula Krismasi nyumbani na kuila Same. Ukipata ampea 32 ndio raha, usiku mmoja hata ukichelewa kufika, lakini 16 inatosha na ndio rahisi kuipata.

Kwahiyo kabla ya Desemba fanya haya. Tafuta chaja ya kubeba yenye mdomo wa GB/T ambayo unaweza kuchagua ampea, 8, 10, 13, 16 mpaka 32, na mwisho wake uwe na ile plagi ya bluu ya duara, za viwandani. Halafu chukua siku, au mtume mtu unayemuamini aliye Korogwe au Mombo, azunguke gesti tatu nne zenye uzio na sehemu ya kupaki ndani. Asiulize "mna umeme?" maana wote watasema upo. Aulize kama mwenyewe atakubali fundi wenu aweke soketi moja ya bluu ya ampea 16 ukutani karibu na maegesho, waya wake wenyewe kutoka meinswichi, breka yake yenyewe, waya wa milimita 4 na kama ni mbali milimita 6. Gharama unalipa wewe, soketi inabaki ya kwake, na mwenye gesti mjanja atakuelewa haraka kwasababu kesho kutwa atakuja mwingine kama wewe. Mimi wa kwangu alikataa mara ya kwanza, akasema gari itamaliza umeme wa mtaa mzima, nikamwambia feni zako na hita ya maji vinakula zaidi, akacheka akakubali.

Kwanini nasisitiza soketi yake yenyewe na sio ile ya pasi? Ngoja nikupe kisa. Safari yangu ya kwanza nililala gesti moja njia hiyohiyo, sina maandalizi, nikapitisha waya dirishani kutoka soketi ya chumbani, plagi ya Kichina kwenye adapta ya elfu mbili, adapta kwenye ekstensheni, ekstensheni ukutani. Nikalala najisikia mjanja. Saa 8 usiku naamka nasikia harufu, ile ya plastiki inayoungua ambayo ukishaisikia mara moja huisahau. Nikaishika adapta nikaiachia hapohapo, ilikuwa ya moto kama pasi. Soketi ya ukutani ilikuwa nyeupe jioni, sasa hivi imekuwa ya kahawia katikati kama chapati iliyosahauliwa, na tundu moja limeyeyuka limekumbatia pini. Nilichomoa kwa taulo. Watoto wangu walikuwa wamelala mita moja na nusu kutoka pale. Hizi soketi za kawaida za ampea 13 hazijatengenezwa kuvutwa masaa 15 mfululizo bila kupumzika, pasi unapiga dakika kumi unazima, gari haizimi. Kwahiyo kama siku moja utalazimika kutumia ya kawaida, weka ampea 8, chomeka moja kwa moja bila adapta za ovyo, baada ya saa moja nenda kaishike kwa kiganja. Vuguvugu sawa. Ukishindwa kuiweka mkono, chomoa.

Jambo jingine ni ethi, ule waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini badala ya kupita kwa mtu. Utachomeka chaja sehemu, taa nyekundu, haichaji, na mwenye nyumba atakwambia mbona TV inawaka. Nyumba nyingi mikoani ethi haipo au ipo kwenye mchoro tu, na chaja ikiona hakuna ethi inagoma, inafanya kazi yake ya kukulinda. Atatokea fundi atakwambia "hiyo tunaidanganya tu bosi, tunaunga na nyutro". Mwambie asante, asiguse. Mtoto akishika bodi ya gari akiwa peku kwenye majani yenye umande umeme unampiga, na hilo ndilo ethi ilikuwa inalizuia. Nondo ya shaba inapigwa chini, udongo unamwagiwa maji, nusu siku kazi imeisha. Na jioni umeme ukiwa mdogo, volti 190 na kushuka, chaja inaweza kukata na kurudi yenyewe, hiyo isikutishe, kuanzia saa 5 usiku watu wakilala umeme unapanda. Ila pita uangalie kabla hujalala, usije ukadhani inachaji kumbe ilikata saa 2.

LUKU sasa. Hii watu wanaisahau halafu inaleta ugomvi. Mita ya gesti ina uniti zake, labda 20, wewe unahitaji 55 mpaka 60. Saa 7 usiku zinaisha, gesti yote giza, wageni wanagonga milango, na mkosaji anajulikana. Ukifika, kabla ya kuchomeka, muombe namba ya mita umnunulie uniti 70 kwa simu mbele yake. Kwa bei ya kawaida ya shilingi 356 kwa uniti ni kama elfu 25. Piga picha mita kabla, piga picha asubuhi, mnaelewana kwa macho. Hizo zinazobaki muachie.

Na nyumbani Marangu fikiria zaidi kidogo. Wazee wengi wako kwenye lile kundi la matumizi madogo, chini ya uniti 75 kwa mwezi, wanalipa shilingi mia na kidogo kwa uniti. Ukija na gari yako ukavuta uniti 60 kwa siku moja, na keshokutwa nyingine, zinazozidi 75 zinaruka bei mara tatu na zaidi, na mzee mwezi huohuo ananunua LUKU ya elfu tano anapata uniti chache anashindwa kuelewa. Mweleze kabla, na mlipie. Wewe ukiniuliza mimi ningeweka soketi ile ya bluu na ethi mpya hapo kwa mzee kama zawadi ya Krismasi, nyumba nzima inafaidika na ethi.

Siku ya pili ndio tamu. Korogwe na 100, unapita mashamba ya mkonge, Mombo, hapo kuna kishawishi cha kukunja Lushoto ukalale kwenye baridi. Kilomita 33 kupanda, unainua gari yenye watu mita elfu moja na zaidi, hiyo pekee ni uniti 6 juu ya zile za mwendo, ukishuka kesho yake zinarudi zaidi ya nusu. Inawezekana ila uwe umeshaongea soketi ya Lushoto, na usije ukapitiliza Korogwe bila kuchaji ukaingia Mombo na asilimia 4 halafu unaangalia mlima. Mimi na mama mkwe ndani nisingejaribu.

Ukiacha Mombo mnaingia kule kukavu, Hedaru, Makanya, jua linachoma, Milima ya Pare kulia kwako. AC acha iwake. Kuna wanaozima AC ili wafike, familia inatoka jasho, watoto wanalia, safari inakuwa adhabu. AC inakula kama uniti moja kwa saa, kwa masaa matano ni asilimia 8 au 9, na hizo nimeshaziweka ndani ya ile 17. Ila asubuhi ipoze gari ikiwa bado imechomekwa, huo ubaridi wa kwanza ulipwe na LUKU sio na betri. Kinachokula kimyakimya ni keria. Mzigo juu ya paa na turubai linapiga makofi unakuibia kuliko abiria wawili, kwahiyo mabegi yote ndani, na kama hayaenei mtumie mtu wa basi mzigo, ni kawaida. Upepo wa matairi soma kibandiko cha mlangoni ujaze ukiwa Dar matairi yakiwa ya baridi. Na angalia kama una speya, hizi gari nyingi zinakuja na kichupa cha gundi tu, kwa kokoto za huku gundi haikufikishi mahali.

Same uwe na 50 au karibu yake. Ukiwa nayo uko salama kabisa, kilichobaki kinataka kama 31. Himo unakunja, hapo ndipo shemeji ataanza kuangalia dashibodi maana mlima unakula na namba inashuka haraka, mita 500 kwenda juu ndani ya kilomita 12, mwambie mapema kwamba huo mlima wote unakula asilimia 5 tu juu ya kawaida. Unaingia kwa mzee na 18 mpaka 20, ndizi zinanukia.

Likizo ikiisha wakati wa kurudi usijaze 100 pale Marangu. Unaanza safari kwa kushuka, na gari ikishuka inajichaji yenyewe kwenye breki, sasa betri ikiwa imejaa haina pa kuweka huo umeme na breki za kawaida zinafanya kazi peke yake. Acha 93 hivi, ukifika Himo utakuta imepanda. Kurudi kunakula kidogo kuliko kwenda, Korogwe utaingia na akiba nzuri, na huo ndio wakati wa kubeba mkungu wa ndizi, wakati wa kwenda usibebe saruji.

Ikitokea umeishiwa kweli, usikubali kuvutwa kwa kamba. Gari yako inasukumwa na matairi ya mbele na mota inazunguka nayo, ukiivuta chini unaiunguza, iite brekidauni ya kubeba juu. Lakini kabla ya hapo, kwenye 10% tafuta nyumba yoyote yenye ethi, kiwanda cha mbao, gereji ya kuchomelea, shule, ongea vizuri. Mashine ya kuchomelea inavuta umeme mwingi kuliko gari yako, kwahiyo penye mchomeleaji pana waya mnene. Masaa matatu ya ampea 16 ni zaidi ya kilomita 50.

Kuhusu tarehe, usiondoke 24. Korogwe gesti zinajaa na maegesho yanajaa na utakuta kuna Noah imepakiwa mbele ya soketi yako uliyoilipia. Ondoka 21 au 22, piga simu siku mbili kabla na tena ukiwa Msata, mwambie aweke ndoo pale kwenye maegesho mpaka ufike. Ukishampata fundi wa Korogwe mwambie afungue meinswichi akupigie picha, halafu nionyeshe kama ule waya wa ethi, wa kijani na njano, umefungwa sehemu au unaning'inia.